Mzamiaji wa kujitolea kwenye miamba ya matumbawe: uanzie wapi, ufanye nini

Maswali ni yale yale kila msimu. "Nimepata cheti cha kuzamia mwezi uliopita, naweza kwenda kusaidia?" "Lazima niwe nimesomea sayansi ya bahari?" "Nitapanda matumbawe?" "Naogopa nitaharibu badala ya kusaidia, nifanyeje?" Anayeuliza hili la mwisho ndiye ninayemtaka kwenye timu, maana hofu yake ina msingi na ina dawa. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja; sasa nayaweka yote mahali pamoja.

Majibu mafupi kwanza. Cheti cha kwanza kinatosha kuanza maandalizi, ila hakitoshi kukuweka juu ya mwamba ukiwa na kibao na penseli mkononi. Usomi si sharti: mpango wa Reef Check, wa kuhesabu viumbe wa miamba duniani kote, ulioanzishwa mwaka 1996 na kufanya sensa yake ya kwanza ya dunia mwaka 1997, ulitengenezwa makusudi ili wazamiaji wa kawaida waweze kuhesabu. Na kupanda, huenda ukapanda, baadaye. Kazi utakayoifanya siku nyingi ni kutulia majini, kutazama, na kuandika ulichokiona bila kukitia chumvi. Bila hesabu ya mahali pale pale, mwaka hadi mwaka, hakuna anayeweza kumthibitishia msimamizi wa hifadhi kwamba chewa wamekwisha au kwamba matumbawe yameanza kurudi.

Nadharia, kidogo tu

Tumbawe ni mnyama. Kila jiwe lenye uhai unaloliona ni mji wa polipu, vinyama vidogo vyenye mdomo na mikono laini. Ndani ya nyama ya kila polipu unaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaomlisha mwenyeji wake sukari inayotokana na mwanga wa jua. Rangi nyingi ya tumbawe ni ya mwani huo. Maji yakipanda nyuzi 1 tu juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe huutema mwani na kubaki jeupe. Hapo limepauka, halijafa. Lina njaa, na joto likishuka mapema linaweza kupona.

Kupauka kwa dunia nzima kumetokea mwaka 1998, mwaka 2010, kati ya 2014 na 2017, na kwa mara ya nne kukatangazwa Aprili 2024. Wewe na mtungi wako hamtapoza bahari. Mnachoweza ni kuupunguzia mwamba mizigo mingine wakati unapambana na joto, yaani nyavu zilizotelekezwa, nanga, walaji waliozidi, na magonjwa yanayosafiri na vifaa vya wazamiaji, na kupeleka taarifa mapema. Miamba hii inachukua chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea kwa namna moja au nyingine. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kulowa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Cheti cha kuzamia kinachotambulika kimataifa, kama cha PADI, SSI, CMAS au NAUI. Cheti cha kwanza kwa kawaida hukuruhusu kufika mita 18, na sensa nyingi hufanyika kati ya mita 2 na 12, kwa hiyo kina si tatizo. Tatizo ni uzoefu. Miradi mingi hudai cheti cha ngazi ya pili, au idadi fulani ya mbizi zilizoandikwa kwenye daftari lako. Anza kuandika daftari hilo leo.

Fomu ya afya iliyojazwa kwa ukweli. Ukiwa na pumu, shida ya moyo au masikio yanayosumbua, muone daktari anayeelewa mambo ya kuzamia kabla hujalipa nauli.

Bima inayotaja kuzamia kwa jina na inayolipia matibabu ya chemba ya mgandamizo, yaani chumba maalumu cha kumtibia mzamiaji aliyeumizwa na mgandamizo. Bima ya safari ya kawaida mara nyingi haigusi jambo hilo. Soma maandishi madogo.

Vifaa vyako mwenyewe: miwani inayokukaa usoni, mapezi, kompyuta ya kuzamia, boya la ishara na filimbi. Mtungi, rigyuleta (kifaa cha kuvutia hewa) na jaketi la kuelea unaweza kukodi. Kompyuta usiazime, wala usitumie moja watu wawili, kwa sababu inahesabu naitrojeni ya mwili wako wewe.

Kibao cheupe cha plastiki na penseli mbili, moja imefungwa kwa uzi. Ndiyo, penseli ya kawaida huandika chini ya maji. Wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Vazi la kuzamia lenye mikono mirefu. Litakukinga jua kuliko losheni, na halitaacha kemikali majini. Hawaii ilipiga marufuku uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia tarehe 1 Januari 2021, na Palau ilikuwa imeshachukua hatua ya namna hiyo mwaka 2020.

Glovu usilete. Mwenye glovu hushika vitu, hata asipokusudia. Hifadhi nyingi zinazikataza, na siku ya kazi inayozihitaji, kama kuondoa nyavu, utapewa.

Tenga muda pia. Kwa maoni yangu chini ya wiki mbili ni hasara kwa kila upande, maana wiki ya kwanza yote ni ya kufundishwa.

Hatua kwa hatua

1. Rekebisha uzito wako. Wanaoanza karibu wote hubeba risasi (vipande vizito vya metali vya kuwazamisha) nyingi mno, kwa sababu mwalimu aliwaongezea ili wazame haraka darasani. Mwenye risasi nyingi hujaza hewa kwenye jaketi ili asizame, kisha huogelea akiwa amesimama nusu, mapezi yakifagia kila kilicho chini yake. Pima hivi: ukiwa na vifaa vyote na mtungi uliokaribia kwisha, kaa juu ya maji, toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida, tulia. Maji yakifika usawa wa macho, na ukitoa pumzi unazama taratibu, uzito ni sahihi. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza takriban kilo 2, kwa sababu hewa nayo ina uzito na mtungi huwa mwepesi kadiri unavyoitumia.

2. Jifunze kuning'inia. Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, usiipite mbio. Shuka kwenye mchanga mtupu, kina cha mita 3 hadi 5, mbali na mwamba. Lala kifudifudi, kunja magoti mapezi yaelekee juu, kunja mikono kifuani. Kaa hapo dakika 1 nzima bila kupiga mguu wala mkono. Ukivuta pumzi utapanda kidogo, ukiitoa utashuka kidogo. Kazi yote inafanywa na mapafu. Usibane pumzi hata mara moja, kwani hewa iliyobanwa hutanuka unapopanda na inaweza kuchana mapafu.

Ukiimudu dakika hiyo, ongeza shughuli. Andika majina kumi kwenye kibao huku unaning'inia. Kunjua futikamba na uikunje tena. Jifunze teke la chura, ambapo miguu hufunguka pembeni na kufunga nyuma bila kutifua mchanga, halafu jifunze kurudi kinyumenyume. Mwisho, jaribu kusimama nusu mita juu ya jiwe moja na kulisoma kwa dakika mbili bila kuligusa. Kumbuka mapezi yameurefusha mwili wako na hayana hisia: pezi likigonga tumbawe, wewe hutajua, mwenzako aliye nyuma ndiye atakayeona vumbi.

Matumbawe manene, yale yanayofanana na mawe makubwa ya duara, hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka, pengine chini ya hapo. Pezi likimega kipande cha kiganja, umemega miaka mingi.

3. Jifunze majina machache, uyajue kweli. Huhitaji kujua aina mia. Kwa sensa ya Reef Check kilicho chini kinagawanywa makundi kumi tu, kila moja lina alama zake: tumbawe gumu (HC), tumbawe laini (SC), tumbawe gumu lililokufa karibuni (RKC), mwani unaoashiria wingi wa virutubisho (NIA), sifongo (SP), mwamba (RC), vifusi (RB), mchanga (SD), tope (SI) na mengineyo (OT). Kwa samaki, anza na wale wanaosema jambo: kitatange, ambao wengi wao hula matumbawe, chewa na changu, ambao huwa wa kwanza kupungua panapovuliwa sana, na pono, ambao hukwangua mwani na kuwapa matumbawe machanga nafasi ya kushika. Tengeneza kadi za picha, mwombe mtu akutahini. Ukikosea moja kati ya kumi, bado hujawa tayari.

4. Chagua mradi kwa kuuliza maswali. Andika barua, uliza wazi: Mna kibali cha mamlaka ya hifadhi? Takwimu zetu zinaenda wapi na nani anazitumia? Nani kiongozi wa mbizi na ana sifa gani? Oksijeni ya dharura ipo kwenye boti? Chemba ya mgandamizo iliyo karibu iko wapi? Wenyeji wa pwani hiyo wana nafasi gani kwenye kazi, wanalipwa, wanafundishwa? Kama mnapanda matumbawe, mnayafuatilia kwa muda gani na mangapi yamebaki hai? Mradi mzuri hufurahia maswali haya na huwa na majibu, hata yale yasiyopendeza. Mradi unaokuahidi kupanda matumbawe siku ya kwanza, au unaotangaza picha za watu wameshika kasa na viti vya pweza (nyota za bahari), uache.

Jua pia kwamba mara nyingi wewe ndiye unayelipia malazi, chakula na mitungi. Siyo utapeli, boti na hewa vinagharimu. Omba tu mchanganuo wa fedha hizo.

5. Kubali kupimwa. Mbizi ya kwanza ya mradi ni ya wao kukuangalia. Usijitetee kwa wingi wa mbizi ulizo nazo. Baada ya hapo huja masomo ya kutambua viumbe, ya darasani na ya majini, na mtihani. Ukifeli utarudia, na ni afadhali ufeli pale kuliko takwimu zako ziingie kwenye hesabu ya mwamba zikiwa si kweli.

6. Siku ya sensa. Kiongozi hupanga kwa kuangalia maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mikondo huwa na nguvu na maji huchafuka. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, au dakika zile maji yanapotulia kati ya kujaa na kupwa, ndizo nzuri. Utaratibu huenda hivi:

Jozi ya kwanza inalaza futikamba ya mita 100 kwa kufuata kina kimoja, ama kati ya mita 2 na 6, ama kati ya 6 na 12. Vipande vya kupimwa ni vinne, kila kimoja mita 20, na kati yake huachwa mita 5. Futikamba ilale chini, isielee, na isiviringishwe kwenye matawi ya matumbawe.

Kisha wote mnaondoka na kusubiri dakika 15. Wanaoanza huona ni kupoteza hewa. Mmewatisha samaki, waacheni warudi.

Anayehesabu samaki huenda mbele, peke yake na mwenza wake, akihesabu ukanda wa mita 5 kwa upana, yaani mita 2.5 kila upande, na mita 5 kwenda juu. Chewa huandikwa akizidi sentimita 30, pono akizidi 20. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu majini vitu huonekana vikubwa kwa takriban theluthi. Chora vipimo vya sentimita pembeni mwa kibao chako, na kabla ya sensa jizoeze kukisia vijiti ambavyo urefu wake unaujua.

Nyuma yake huja wa wanyama wasio na uti wa mgongo: jongoo bahari, kamba, makombe makubwa, shokwe wenye miiba mirefu, kiti cha pweza chenye taji la miiba. Huyu huogelea kwa kupindapinda na kuchungulia kila tundu, bila kuingiza mkono. Samaki aitwaye mkunga, akaaye humo, hapendi mgeni.

Wa mwisho ni wa kusoma sakafu, na kazi hii ndiyo ningekuombea uipate. Unashika uzi wenye nati ndogo mwishoni, kama timazi ya fundi mwashi. Kila nusu mita unauachia, na unaandika kile nati ilichogusa. Vituo 40 kwa kila kipande, 160 kwa mstari mzima. Timazi ipo kwa ajili ya kukulinda na moyo wako mwenyewe. Utafika kituo ambapo pembeni, kiasi cha upana wa vidole vitatu, kuna tumbawe zuri la rangi ya zambarau, na nati imeangukia mchanga. Mkono utataka kusogea. Andika mchanga.

Kila mwisho wa kipande, kabla ya kuanza kingine, tazama geji ya hewa na uandike namba yake kwenye kibao. Mtu anayehesabu husahau hewa kabisa. Nimemwona mzamiaji hodari akipandishwa na mwenzake kwa sababu alikuwa amezama kwenye matundu ya kamba. Panga kufika juu ukiwa na hewa ya bari 50 (kipimo cha mgandamizo) mtungini, panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na simama dakika 3 kwenye mita 5. Sensa isiyokwisha hurudiwa kesho.

7. Tofautisha lililopauka na lililokufa. Nimeitenga hatua hii kwa sababu hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Yote mawili ni meupe. Sogea, shusha pumzi, tazama uso wa tumbawe kwa karibu. Lililopauka lina utando mwembamba wa nyama, kama plastiki angavu juu ya mfupa, na ukivumilia kidogo unaweza kuona mikono ya polipu ikitoka. Hilo ni hai, andika HC. Lililokufa karibuni ni mfupa mkavu: vikombe vya polipu viko wazi, kingo zake kali na safi, hakuna utando, na pengine ukungu wa kijani wa mwani umeanza pembeni. Hilo ni RKC. Lililokufa zamani limeshafunikwa na mwani na kumomonyoka. Hilo huandikwa mwamba, au vifusi kama ni vipande visivyozidi sentimita 15.

Kwa kufuatilia rangi yenyewe kuna kadi ya CoralWatch, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2002. Ina rangi za aina nne, kila moja imepangwa kutoka 1, iliyofifia kabisa, hadi 6, iliyokolea. Unasoma sehemu iliyofifia zaidi na iliyokolea zaidi ya tumbawe moja, unaandika zote mbili. Epuka ncha za matawi, kwani ncha zinazokua huwa nyeupe hata kwenye tumbawe lenye afya. Kazi hii hufanyika hata bila mtungi, kwa miwani na mrija tu, kwa hiyo ambaye hana cheti hana haja ya kusubiri.

8. Hamisha takwimu siku hiyo hiyo. Kabla ya kuoga, kabla ya kula. Kaa na mwenza wako, someaneni, nakilini kwenye fomu, pigeni picha ya kibao, ndipo mkifute. Kesho yake hutakumbuka kama ile alama ni 1 au 7. Kama hujui ulichokiona, acha wazi na uandike "sijui". Nafasi tupu haimdanganyi mtu.

9. Kazi za mikono, ukishaaminiwa. Kwenye vitalu vya matumbawe utakabidhiwa mswaki. Si mfano: ni mswaki wa meno, wa kusugulia mwani kwenye mabomba na nyuzi zinazoshikilia vipande vya matumbawe, ili mwani usiyafunike. Matumbawe ya matawi hukua haraka, yanaweza kuongeza sentimita 10 na zaidi kwa mwaka, ndiyo maana hupendwa kwenye vitalu. Lakini kitalu hakizuii joto. Mwaka 2023 maji ya Florida yalipopata moto kupita kiasi, timu za huko zililazimika kuyahamishia matumbawe ya vitaluni kwenye matangi ya nchi kavu.

Kwenye nyavu zilizotelekezwa, kata kwa mkasi, usivute. Kipande kilichomezwa na tumbawe kiache humo humo. Kukitoa ni kulivunja. Usiingie peke yako, na usitumie jaketi lako kama mfuko wa kuinulia mzigo, maana mzigo ukikuponyoka utarushwa juu. Mkishatoa, hesabuni na muandike. Mpango wa Dive Against Debris umekuwa ukikusanya hesabu hizo kutoka kwa wazamiaji tangu mwaka 2011.

Kiti cha pweza chenye taji la miiba hula matumbawe, na mmoja anaweza kumaliza hadi mita 10 za mraba kwa mwaka. Wachache ni sehemu ya mwamba wenye afya. Huondolewa tu wanapofurika, tena kwa kibali, kwa kudungwa sindano ya siki au chumvi za nyongo. Usiwakatekate, kwa sababu aliyejeruhiwa anaweza kupona. Na miiba yake ina sumu.

10. Safisha vifaa kati ya mwamba na mwamba. Mwaka 2014 karibu na Miami ulionekana ugonjwa unaoyeyusha nyama ya matumbawe magumu, na tangu hapo umeenea sehemu nyingi za Karibi. Suuza kila kitu kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, tumia dawa na kipimo ulichoelekezwa na mradi, usibuni chako, kausha kabisa. Maji machafu ya kuoshea yamwagwe nchi kavu.

Mambo yakienda kombo

*Nikianza kuandika napanda juu.* Unabana pumzi bila kujua. Andika unapotoa hewa, tua penseli unapovuta. Baada ya mbizi tano hivi utaacha kufikiria.

*Hewa yangu inaisha kabla ya wenzangu.* Mara nyingi ni risasi zilizozidi, au unapigana na mkondo. Rudi hatua ya kwanza. Kama ni baridi, ongeza unene wa vazi.

*Miwani inaingia ukungu.* Miwani mipya ina mafuta ya kiwandani kwenye kioo. Isugue kwa dawa ya meno siku ya kwanza, baadaye mate na kusuuza kidogo vinatosha.

*Mkondo unaichukua futikamba.* Ingiza ncha yake kwenye mwanya wa mwamba mfu, au iwekee vipande vya risasi juu ya mchanga. Ikiendelea kuruka, ahirisheni. Mstari unaocheza hautoi hesabu.

*Mimi na mwenzangu tumepata namba tofauti.* Tofauti ndogo ni ya kawaida. Kubwa, msipatane kwa kugawa katikati. Mwambieni kiongozi, rudini mkaangalie pamoja.

*Nimeamka na mafua.* Usizame. Masikio yaliyoziba hayasawazishi mgandamizo. Baki juu uingize takwimu. Kazi hiyo haijawahi kuisha.

*Nimedungwa na mwiba wa samaki mwenye sumu.* Toka majini na mwenza wako, mwambie kiongozi. Maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, takriban nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90 hupunguza maumivu ya sumu ya samaki kama samaki-simba. Mtu mwingine apime joto kwa mkono wake, kwa sababu wako umekufa ganzi. Kisha hospitali.

*Mwili unauma, vidole vinawaka, nimechoka kuliko kawaida baada ya mbizi.* Huenda ni naitrojeni iliyobaki mwilini. Usinyamaze wala usiseme ni uchovu. Omba oksijeni, lala chali, kiongozi apige simu ya dharura. Na siku ya kuondoka, acha angalau saa 18 kati ya mbizi ya mwisho na ndege. Mimi huacha saa 24.

*Nimevunja tumbawe.* Simama hapo hapo. Usijaribu kulirudishia mwenyewe, usilitie mfukoni. Weka alama mahali, mwonyeshe kiongozi. Kipande kilicho hai kinaweza kubanwa kwenye mwanya au kugandishwa kwa gundi ya epoksi, kikaendelea. Mimi nilivunja tawi moja kwenye sensa yangu ya pili, nilipokuwa nageuka kumtafuta mwenzangu. Nilitamani kulifunika kwa mchanga. Nilipomwambia kiongozi wetu hakunigombeza. Alilibana tawi lile kwenye ufa, tulipopanda akachukua fomu, akaenda kwenye mstari wa uharibifu, akaandika: mzamiaji, 1.